Deni si jinai: Somo la sheria kwa vijana wetu wanaosoma biashara

Usiku mmoja baada ya swala ya Isha, kijana mmoja wa darasa langu la jioni huko Mbagala alinisubiri nje ya msikiti. Hapo nafundisha sheria za biashara kwa vijana wanaojiandaa na mitihani ya cheti na stashahada, na wengi wao ni wachuuzi mchana na wanafunzi usiku. Akaniambia, "Ustadh, kaka yangu yuko ndani tangu jana. Kesi yenyewe ni ya mali kauli."

Kwa msomaji asiye mfanyabiashara, mali kauli ni kuchukua bidhaa kwa ahadi ya mdomo kwamba ukishauza utaleta pesa ya mwenyewe. Kaka wa kijana huyu alichukua marobota mawili ya mitumba Kariakoo kwa thamani ya shilingi 1,600,000. Robota la kwanza likaenda vizuri. La pili, aliloambiwa ni la daraja la kwanza, alipolikata kamba akakuta nusu ni nguo zilizochanika na zenye madoa. Akalipa shilingi 900,000, zikabaki 700,000, na siku zikapita. Mwenye mali hakwenda mahakamani. Alikwenda kituo kimoja cha polisi, na huko maneno yaliyoandikwa ni "kujipatia mali kwa njia ya udanganyifu".

Nilimuuliza kijana wangu, "Hii ni jinai au madai?" Akanyamaza. Kijana huyo huyo wiki iliyotangulia alikuwa wa kwanza katika jaribio langu. Aliandika tofauti kati ya jinai na madai neno kwa neno, kwa Kiingereza safi, na nikampa alama zote. Lakini ndugu yake alipowekwa nyuma ya nondo hakujua ni ipi kati ya hizo mbili iliyomfika. Nikajua kosa ni langu mimi niliyemfundisha orodha. Makala hii ni somo lile lile, ila safari hii nalifundisha kwa kupitia hayo marobota mawili.

Sheria inatoka wapi

Wanafunzi wengi wakiulizwa sheria ni nini hujibu kuwa ni amri ya serikali. Jibu hilo ni hatari kwa mfanyabiashara, kwani si kila analosema kiongozi ni sheria. Kiongozi akisimama jukwaani akasema kuanzia kesho hakuna kuuza chakula barabara fulani, hilo ni agizo. Ili kukuadhibu kwa kulivunja, lazima liwe limesimama juu ya sheria inayompa mamlaka hayo. Mchuuzi wa Temeke anayo haki ya kuuliza kwa adabu: ni kifungu gani, cha sheria ipi?

Kwa Tanzania Bara ngazi zenyewe ziko hivi. Juu kabisa ipo Katiba ya mwaka 1977, na ibara ya 64 inasema wazi kuwa sheria yoyote inayokwenda kinyume nayo ni batili kwa kiasi cha ukinzani huo. Chini yake zipo sheria zilizotungwa na Bunge, mfano Sheria ya Makampuni ya 2002 au Sheria ya Leseni za Biashara ya 1972. Kisha zinakuja kanuni, ambazo waziri huzitunga kwa idhini ya sheria mama, na sheria ndogo za halmashauri, ambazo ndizo zinazomgusa mtu wa Tandika au Manzese kila siku kwa ushuru wa soko, ada ya taka na faini ya usafi. Sheria ndogo ya Kinondoni haimfungi mtu wa Temeke. Nimewahi kumwona mama lishe akilipa faini kwa kuonyeshwa karatasi ya manispaa nyingine kabisa, naye kwa kuwa hasomi akatoa pesa.

Lipo pia tabaka ambalo vijana hulisahau. Sheria ya Matumizi ya Sheria, Sura ya 358, inaziagiza mahakama zetu zitumie misingi ya sheria ya mazoea ya Kiingereza pamoja na sheria nyingine za Uingereza zilizokuwa na nguvu tarehe 22 Julai 1920, pale ambapo sheria zetu wenyewe hazina jibu. Ndiyo maana mwanafunzi wa Mbagala anasomeshwa kesi ya Aron Salomon, mfanyabiashara wa viatu vya ngozi wa London, iliyoamuliwa mwaka 1897. Nitairudia kesi hiyo.

Sura hiyo hiyo ya 358 ndiyo inayozipa mahakama ruhusa ya kutumia sheria ya Kiislamu, lakini katika mambo maalumu tu: ndoa, talaka, ulezi, mirathi, wakfu na yanayofanana na hayo, kwa wale wanaofuata sheria hiyo. Biashara haimo. Mahakama za kadhi Tanganyika zilifutwa mwaka 1963, wakati wenzetu wa Zanzibar wamebaki nazo hadi leo na Kenya wameziweka ndani ya Katiba yao ya 2010. Mjadala wa kuzirudisha Bara tunaujua sote, na huu si wakati wake. Hata hivyo nasema hili kwa sababu wapo ndugu wanaodhani kuwa mahakama ya kadhi ingekuwapo basi mgogoro wa mali kauli ungepelekwa huko. La hasha. Hata Kenya, makadhi wamepewa masuala ya hadhi ya mtu, ndoa, talaka na mirathi, hawakupewa mikataba ya biashara. Mkataba wa kibiashara wa Muislamu wa Dar es Salaam utaamuliwa kwa Sheria ya Mikataba, Sura ya 345, apende asipende. Kwa hiyo aijue.

Jinai na madai

Sasa turudi kituoni. Jinai ni kosa dhidi ya jamii nzima, na ndiyo maana mashitaka hufunguliwa kwa jina la Jamhuri. Aliyeibiwa ni shahidi tu, hana uwezo wa kuiondoa kesi kama mtu anayeondoa sahani mezani. Mwisho wake ni adhabu: kifungo, faini au vinginevyo. Kwa kuwa adhabu ni kitu kizito, ushahidi wake lazima uthibitishe kosa pasipo kuacha shaka yoyote ya maana. Madai ni jambo kati ya mtu na mtu. Mwisho wake ni kulipa, kufidia, kurudisha, au kutimiza ulichoahidi, na hakimu huangalia tu maelezo ya upande gani yana uzito zaidi.

Tatizo ni kwamba tukio moja linaweza kufanana na yote mawili. Ulichukua mali, hukulipa. Je, ulimdanganya mwenye mali, au ulishindwa kumlipa? Kanuni ya Adhabu inaeleza udanganyifu wa kujipatia mali kuwa ni kueleza jambo la uongo, lililopita au lililopo sasa, huku ukijua ni la uongo. Yasome maneno hayo taratibu: lililopita au lililopo. Ukisema una duka Tandika na huna, ukasema umetumwa na tajiri fulani na hukutumwa, ukaonyesha risiti ya benki ya kughushi, hiyo ni jinai. Lakini ukisema "nitakulipa mwisho wa mwezi" na mwisho wa mwezi ukafika huna kitu, hujasema uongo juu ya jambo lililopita wala lililopo. Umetoa ahadi ya wakati ujao na umeivunja. Hayo ni madai.

Kaka wa kijana wetu hakujificha wala hakubadilisha namba ya simu, na alikwisha lipa zaidi ya nusu. Zaidi ya hayo, alikuwa na dai lake mwenyewe ambalo hakuna aliyemuuliza. Sheria ya Mauzo ya Bidhaa, Sura ya 214, inasema kitu kinachouzwa kwa maelezo lazima kilingane na maelezo hayo, na mfanyabiashara anayeuza bidhaa za aina hiyo anawajibika kwa ubora wake, isipokuwa kwa kasoro ambazo mnunuzi aliyeikagua bidhaa alipaswa kuziona. Robota la mitumba huuzwa likiwa limefungwa kwa kamba za plastiki, na nani anaweza kulikagua? Wanazuoni wetu wa fiqhi wanalo jambo hili zamani kabisa, hiari ya mnunuzi kukirudisha kitu chenye aibu iliyofichika. Mbele ya hakimu wa madai huenda ile 700,000 ingeshuka ikawa 300,000 au hata pungufu. Ndani ya chumba cha mahabusu hoja hiyo haina pa kusemewa.

Nini kilitokea? Alikaa ndani siku mbili. Sheria inataka mtuhumiwa wa kawaida afikishwe mahakamani ndani ya saa 24 au apewe dhamana, na dhamana ya polisi haina bei. Mama yao akaliuza friza alilokuwa akitengenezea juisi na barafu, akapata 400,000, zikapelekwa kwa mwenye mali, na mtu akatoka. Hakuna karatasi iliyoandikwa. Hakuna jalada lililofika kwa hakimu. Zile 300,000 zilizobaki bado zinadaiwa, na mama hana tena biashara.

Namhurumia pia mwenye mali, maana naye ni Muislamu na nina hakika ana madeni yake bandarini. Atasema, polisi ni siku mbili, mahakama ni miezi. Ni kweli. Lakini njia ya mkato ina hasara kwake mwenyewe. Siku atakayekutana na mdaiwa mkorofi anayejua sheria, atakuta jalada limefungwa kwa kuandikiwa kwamba suala hilo ni la madai, naye ameshapoteza muda. Muda ni kitu cha kuhesabiwa, kwani Sheria ya Ukomo wa Muda ya 1971 inatoa miaka 6 kwa madai ya mkataba. Ukipita, mahakama haikusikilizi. Hapa sheria ya dola na dini yetu zinaachana: mbele ya Allah (s.w) deni halifi kwa kupita miaka, na aliyelala nalo ataulizwa.

Kijana mmoja darasani aliniuliza kama basi mdaiwa hawezi kufungwa kabisa. Anaweza. Kipo kinachoitwa kifungo cha madai chini ya Sheria ya Mwenendo wa Mashauri ya Madai ya 1966. Lakini angalia jinsi kilivyozungushiwa uzio: kwanza iwepo hukumu, kisha mdaiwa aitwe ajieleze kwa nini asifungwe, na huyo anayemdai ndiye alipie chakula cha mfungwa wake. Hakimu anapoona mtu ni fukara kweli, hampeleki. Qur'an nayo katika Suratul Baqara, aya ya 280, imeamrisha mdaiwa mwenye dhiki apewe muda mpaka afarijike, na kumsamehe ikaelezwa kuwa ni bora zaidi.

Mkataba ni nini hasa

Wengi wanadhani mkataba ni karatasi yenye mhuri wa wakili. Kifungu cha 10 cha Sheria ya Mikataba hakisemi hivyo. Kinataka makubaliano ya hiari, baina ya watu wenye uwezo kisheria, kwa kupeana kitu chenye thamani na kilicho halali, kwa lengo lililo halali. Basi. Mali kauli, ingawa ni ya mdomo, ni mkataba kamili. Sheria hiyo ilitungwa mwaka 1961, na kwa sehemu kubwa imechukuliwa kutoka sheria ya mikataba ya India ya 1872 ambayo Waingereza walikuwa wakiitumia huku. Vijana waliosoma madrasa huielewa haraka kuliko wengine. Nikiwaambia kuna pendekezo na kukubali, wao wanajibu ijabu na kabuli. Nikiwaambia mtoto wa chini ya miaka 18 hana uwezo wa kufunga mkataba, wao wanataja baleghe na rushdi.

Yapo mambo ambayo mdomo hautoshi, na kubwa ni ardhi. Sheria ya Ardhi ya 1999 inataka mkataba wa kuuza haki ya kumiliki ardhi uwe wa maandishi. Kila wiki nasikia kiwanja cha Chamazi au Kigamboni kilichouzwa kwa watu wawili, kila mmoja akiwa na karatasi yenye mhuri wa serikali ya mtaa. Mhuri ule ni ushahidi wa kwamba mlikaa pale siku ile. Haukupi umiliki ambao muuzaji mwenyewe hakuwa nao.

Hata hivyo kusema mkataba wa mdomo ni halali si kusema unathibitika. Aya ndefu kuliko zote katika Qur'an tukufu, ya 282 ya Suratul Baqara, inahusu jambo hili tu: deni la muda liandikwe, liwe dogo au kubwa, mwandishi aandike kwa uadilifu, anayedaiwa ndiye aseme cha kuandika, na pawepo mashahidi. Ikaondoa biashara ya mkono kwa mkono. Sisi tumeigeuza. Ya mkono kwa mkono tunadai risiti, ya mkopo tunasema "baina yetu Waislamu hakuna haja, tunaaminiana". Nimekutana na wazee waliokasirika kabisa kuombwa saini, wakaona wamedharauliwa. Mzee huyo mkumbushe kwa upole kwamba aya hiyo inawaamrisha walioamini.

Ukiandika, weka majina kamili, kiasi, aina ya bidhaa na daraja lake, tarehe ya kulipa, na saini za mashahidi wawili. Kwa mikataba mikubwa zaidi kumbuka ushuru wa stempu, maana hati inayotakiwa kulipiwa ushuru huo na haikulipiwa inaweza kukataliwa kuwa ushahidi mahakamani mpaka ulipwe pamoja na adhabu yake.

Neno moja juu ya halali. Sheria ya Mikataba inayahesabu makubaliano ya kamari kuwa ni batili. Wakati huo huo Sheria ya Michezo ya Kubahatisha ya 2003 inatoa leseni kwa vibanda vya kubeti vilivyojaa kuanzia Zakhem mpaka Mwenge. Vijana huniuliza, ustadh, sasa ni batili au ni halali? Jibu la mtihani ni kwamba sheria mahususi imetoa ruhusa ndani ya ile ya jumla. Jibu la dini hawahitaji kunisikia mimi.

Nani mwenye duka

Hapa ndipo Aron Salomon anaporudi. Alikuwa na biashara yake ya viatu, akaigeuza kuwa kampuni yeye na familia yake, kampuni ikafilisika, na waliokuwa wakiidai wakataka kumbana yeye binafsi. Mahakama ya juu ya Uingereza ikasema hapana, kampuni ni mtu mwingine mbele ya sheria, na madeni yake si ya Salomon.

Duka lililosajiliwa BRELA kama jina la biashara halina utu huo. Jina ni jina tu. Deni la duka ni deni lako, na nyumba yako ya Yombo inaweza kulilipa. Mwenyewe akifariki, duka lote linaingia katika mirathi siku hiyo hiyo pamoja na godoro na baiskeli. Mjane aliyesimama kaunta kwa miaka 15 atashangaa kuambiwa asiuze kitu mpaka msimamizi wa mirathi ateuliwe na mahakama, na kwamba fungu lake kwa sheria ya Kiislamu ni thumuni akiwa ameachiwa watoto. Kama alikuwa mbia kweli kwa mtaji au makubaliano, hiyo ni haki yake inayotolewa kabla ya mirathi kugawanywa, lakini ataithibitishaje ikiwa haikuandikwa? Temeke kuna Kituo Jumuishi cha mahakama kinachoshughulikia mashauri ya familia na mirathi, na hoja hii haiwezi kukosekana kwenye mabenchi yake.

Ubia nao una mtego. Katika mudharaba mwenye mtaji hupoteza mtaji wake na mfanyakazi hupoteza jasho lake, na wanaishia hapo. Katika ubia wa Sheria ya Mikataba, kila mbia anawajibika kwa watu wa nje kwa madeni yote ya biashara, na hasara hugawanywa sawa kama hamkukubaliana vingine. Ndugu wawili wanaodhani wamefunga mudharaba kwa kupeana mikono wanaweza kujikuta mbele ya hakimu ni wabia wa kawaida. Sheria haikuwakataza kuandika masharti yao ya Kiislamu. Hawakuyaandika tu.

Kuhusu lugha, zamani tulikuwa na udhuru. Sheria zilitungwa kwa Kiingereza na mtu wa kawaida aliishia kusimuliwa. Mwaka 2021 Bunge lilirekebisha sheria na kukifanya Kiswahili kuwa lugha ya sheria na ya mahakama, ingawa kazi ya kutafsiri ni ndefu. Mahakama ya Mwanzo, ambayo ndiyo mlango wa madai kama haya ya mali kauli, imekuwa ikiendeshwa kwa Kiswahili tangu zamani, kabla ya marekebisho hayo.

Wiki iliyofuata kijana wangu alikuja darasani na daftari la kaunta, lile jeusi lenye mgongo mwekundu. Kaka yake amelipigia mistari: tarehe, bidhaa, daraja, bei, siku ya kulipa, saini ya mwenye mali, saini ya mchukuaji, shahidi wa kwanza, shahidi wa pili. Ukurasa wa kwanza ameandika zile 300,000 zilizobaki, na pembeni yake ameeleza nguo ngapi katika robota la pili zilikuwa mbovu. Upande wa saini ya mwenye mali bado ni mweupe. Wamekubaliana kuonana naye Jumamosi baada ya Adhuhuri, dukani kwake, na imamu wa msikiti amekubali kuwa shahidi wa kwanza. Shahidi wa pili wameniomba niwe mimi.